Kuhesabu Vidonda vya Chuma Nikiwa Manyatta

Katika ploti yetu hapa Manyatta, Kisumu, taa yangu ndiyo huzimwa mwisho, na kila jirani ana maelezo yake. Mama Brayo wa chumba cha nne ameshakata shauri kwamba nacheza kamari ya mpira. Keateka, mtunzaji wa ploti, anadhani nawaandikia wanafunzi wa Marekani insha zao, kazi ambayo, nikiri, nimewahi kuifanya. Mama yangu anauza samaki, omena na ngege, sokoni Kibuye, na akiulizwa kijana wake anashughulika na nini husema tu, "Yuko kwa kompyuta," kisha anaendelea kupima omena kwa gorogoro.

Simlaumu. Kazi yenyewe ni ngumu kuieleza mtu anayesubiri chenji. Nahesabu vidonda ndani ya chuma.

Mtafiti mmoja aliye Uingereza, ambaye namwita Daktari, hunitumia picha zilizopigwa kwa hadubini ya elektroni. Ni picha za chuma kilichopigwa na mionzi kwa makusudi, ili ijulikane kitakavyokuwa baada ya miaka mingi ndani ya kinu cha nyuklia. Mimi natia duara kwenye kila kidonda nikionacho, naandika ni cha aina gani, naenda picha inayofuata. Nalipwa kwa picha. Maduara yangu hufundishia programu ambayo siku moja itahesabu yenyewe. Ndiyo, najua, nafundisha mashine itakayoninyang'anya mkate. Shemeji yangu amenikumbusha hilo kila Krismasi.

Picha hazina urembo wowote. Fikiria ukuta wa jikoni uliopigwa moshi wa kuni miaka kumi: kijivu juu ya kijivu, na juu yake nukta nyeusi, vipete vidogo, na vitu vinavyofanana kabisa na punje ya kahawa, nusu mbili nyeusi na mstari mweupe katikati. Hata wenye fani yao huziita hivyo, punje za kahawa. Mwanzoni nilidhani Daktari anatania.

Kipande kinachopigwa picha ni chembamba kupita maelezo, nanomita 100 hivi. Karatasi ya daftari ina unene wa nanomita 100,000, kwa hiyo chuma hicho ni kama karatasi iliyochanwa kwa unene mara elfu moja. Lazima kiwe hivyo, kwa sababu elektroni zinazosukumwa kwa volti 200,000 zinatakiwa kupenya hadi upande wa pili zikiwa na habari za zilichokutana nacho njiani. Hadubini ya kwanza ya aina hii ilitengenezwa Berlin mwaka 1931 na Ernst Ruska akiwa na Max Knoll. Ruska alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1986. Miaka 55. Nami hulalamika malipo yakichelewa siku 14.

Miezi miwili ya kwanza nilihesabu bila kuelewa ninachohesabu, nikawa natia duara kila kitu cheusi. Nilianza kuelewa siku nilipokuwa kwenye matatu ya kutoka Maseno, gari la viti 14 lenye watu ambao sitataja idadi yao. Atomu za chuma zimepangwa hivyo, safu kwa safu, kila moja na kiti chake. Nyutroni, ile chembe ndogo inayorushwa ndani ya kinu, inaingia bila kubisha hodi, inamgonga abiria mmoja, huyo anarushwa na kuwagonga wengine, nao wanawagonga wengine, mpaka gari zima linavurugika. Ukigawanya sekunde moja mara trilioni, fujo hiyo yote inachukua vipande kama kumi tu vya hivyo. Kisha watu wanarudi vitini, wengi wao, ingawa si lazima mtu arudi kiti chake cha mwanzo. Wanabaki wachache waliokosa kiti, wamebanwa katikati ya wenzao kama abiria wa sambaza, na mahali pengine viti vichache vimebaki vitupu.

Hao wa sambaza hawatulii. Wanahangaika ndani ya chuma mpaka wanakutana, wanajipanga kama kisahani kilichopenyezwa katikati ya safu mbili, na ukingo wa kisahani hicho ndio unaoonekana kwenye picha kama kitanzi. Viti vitupu navyo vinatembea, polepole zaidi, na vikikusanyika vya kutosha panatokea tundu. Tundu halina hewa wala maji ndani yake. Ni mahali ambapo chuma hakipo.

Kipimo chake kinaitwa dpa: kwa wastani kila atomu imefukuzwa kitini mara ngapi. Chombo kikubwa cha chuma kinachobeba kiini cha kinu hakifiki dpa moja maisha yake yote. Lakini vifuko vya fueli, yaani mabomba membamba yanayoibeba, katika vinu vya nyutroni za kasi vinaweza kupita 100. Kila atomu imetimuliwa mara mia na bomba bado limesimama! Hapo ndipo nilipoanza kukiheshimu chuma.

Mwaka 1967 Waingereza wawili, Cawthorne na Fulton, waliandika kwamba wameona matundu ndani ya vifuko vya chuma kisichoshika kutu vilivyotoka kwenye kinu cha Dounreay, kaskazini kabisa mwa Uskoti. Matundu hayo yalikuwa madogo kiasi kwamba hadubini ya mwanga, ile tuliyotazamia seli za kitunguu shuleni, isingeyaona. Lakini yalikuwa mengi, na chuma kilikuwa kimevimba. Hapa Manyatta milango yetu ya mbao huvimba mvua za Aprili, ukitaka kutoka unasukuma kwa bega. Mlango huvimba kwa kunywa maji. Chuma kile kilivimba kwa utupu, bila kuongezwa chochote, na ndani ya kinu mabomba yamesongamana kama kuni kwenye mzigo; yakivimba na kupinda, njia ya kipoozi kinachoondoa joto inabanwa.

Chanzo chake nilikisoma mara tatu ndipo kikaniingia. Ndani ya chuma kuna mistari ambapo safu za atomu hazikupangana sawa, na mistari hiyo inawapokea abiria wa sambaza kwa urahisi kidogo kuliko inavyopokea viti vitupu. Kidogo tu. Lakini upendeleo mdogo ukiendelea miaka, viti vitupu vinabaki vingi visivyo na pa kwenda isipokuwa kukusanyana. Nikeli iliyomo kwenye chuma ikipigwa na nyutroni hutoa heliamu, nayo gesi hiyo husaidia tundu changa lisijifunge. Vyuma vya jamii nyingine, ambavyo atomu zake zimepangwa kwa mtindo tofauti na havina nikeli nyingi, huvimba kidogo sana kwa kulinganisha. Picha nyingi ninazotumiwa ni za jamii hiyo.

Tena picha zangu si za chuma kilichotoka kinuni. Kukaa kinuni huchukua miaka, na kipande kikitoka chenyewe ni cha mionzi, kinashikwa kwa mikono ya mashine nyuma ya ukuta mnene. Kwa hiyo watafiti hukipiga kwa ioni, yaani atomu zenye chaji ya umeme, kutoka kwenye mashine ya kuongeza kasi, kikiwa kimepashwa moto wa mamia ya nyuzi, na kwa saa au siku chache wanapata dpa ambazo kinu kingezitoa kwa miaka. Ubaya wake, ioni hazifiki mbali, mikromita moja au mbili tu chini ya ngozi, na haraka ile inabadilisha mambo. Chuma kilichopigwa siku moja hakijapata muda wa kuhangaika kama kilichopigwa miaka 30.

Sasa kosa langu.

Mwaka jana nilimaliza fungu moja kwa wiki tatu, usiku na mchana, nukta nyeusi tupu, ndogondogo, nyingi kama mbegu za wimbi zilizomwagika. Nilijisifu moyoni kwamba jicho limekomaa. Nikatuma. Daktari hakujibu siku mbili, kisha akaniletea picha moja zaidi bila maelezo, akaniambia nihesabu. Nikahesabu: 214. Akajibu kwa sentensi moja. Kipande hiki hakijawahi kupigwa na mionzi.

Niliketi nikitazama sufuria ya ugali kwa muda mrefu.

Shida ilikuwa kisu. Siku hizi vipande vingi hukatwa kwa miale ya ioni za galiamu, kifaa kinachochonga chuma kama seremala mwenye randa ndogo mno. Lakini ioni hizo nazo ni risasi. Zinapochonga zinaacha nukta nyeusi kwenye ngozi ya kipande, na nukta za kisu na nukta za mionzi ukiziweka pamoja utadhani ni ndugu wa toka nitoke. Dawa yake ni kumalizia kwa miale dhaifu, au kukichovya kipande kwenye asidi yenye umeme kwa sehemu ya sekunde ili ngozi iliyoumia iondoke. Fungu langu lilitayarishwa na mwanafunzi aliyekuwa na haraka. Nililipwa, sikukatwa hata shilingi, lakini tangu siku hiyo sihesabu fungu lolote kabla ya kuletewa picha ya kipande ambacho hakikupigwa. Nikikikosa naandika barua pepe. Daktari alinizoea kwa shingo upande, sasa ananiletea bila kuombwa.

Kuna jambo jingine lililonivunja kiburi, nalo silisemi mbele ya shemeji. Bila kunijulisha, Daktari aliingiza picha moja mara mbili kwenye fungu moja. Jumatatu asubuhi nilipata vitanzi 143. Ijumaa usiku, baada ya stima kupotea saa tatu na kurudi saa tano, nikapata 117 kwenye picha ileile. Macho yaleyale, kipanya kilekile. Nilipotazama tofauti ilipotoka niliona ni wale wadogo, waliofifia, ambao asubuhi niliwaita vitanzi na usiku nikawaita vumbi. Na hata ningepata hesabu sawa mara zote mbili, bado kuna unene: idadi hugawanywa kwa ujazo wa kipande, na ukikosea unene kwa sehemu moja ya kumi, jibu lako limekosewa kwa kiasi hichohicho hata kama umehesabu kama malaika.

Halafu kuna vitanzi vinavyojificha. Ukikiinamisha kipande ndani ya hadubini kwa nyuzi chache, baadhi vinatoweka kabisa na vingine ambavyo havikuwepo vinajitokeza, kulingana na upande vilikoelekea. Ndiyo maana eneo moja hupigwa picha kadhaa. Mwenye kuhesabu picha moja na kunyamaza amehesabu nusu ya kijiji. Matundu yana hila yao pia, ila ya kupendeza: fokasi ikiwa pungufu tundu ni jeupe lenye ukingo mweusi, fokasi ikizidi ni jeusi lenye ukingo mweupe. Nikiona kitu kisichogeuka rangi hivyo najua si tundu.

Anayeelewa kazi yangu kuliko wote hapa mtaani hakusoma fizikia. Ni fundi wa kuchomelea aliye kando ya barabara ya kwenda Kondele, ambaye huniita Profesa akitaka kunikopa na Omera siku nyingine zote. Siku moja nilimkuta ameshika springi ya lori iliyokatika, anaitazama pale ilipokatikia kama daktari anayetazama koo.

"Ona hapa," akaniambia. Upande mmoja wa jeraha ulikuwa mweusi, laini, wenye mistari ya kupinda kama ya ganda la kombe. Upande wa pili uling'aa punje punje kama sukari. "Hapa peusi ilianza kuchanika kitambo, dereva hakujua. Hapa panapong'aa ndipo ilipokata leo, kwa mara moja. Chuma kikivunjika kama sukari, Omera, hakikukupa onyo."

Nikamwambia hilo ndilo wenye vinu wanaogopa. Mfaransa Georges Charpy alieleza mwaka 1901 namna ya kukipima: unakata kijiti cha chuma, unakitia alama ya mkato, unakiachia nyundo ya kubembea, unasoma imebembea kwenda juu kiasi gani baada ya kukivunja. Chuma kigumu cha moyo huila nguvu ya nyundo; chuma cha sukari huvunjika na nyundo ikapita. Chuma chochote cha aina hii kikipoa sana huwa cha sukari. Nyutroni hupandisha joto ambalo mabadiliko hayo hutokea, hivi kwamba kilichokuwa salama kinapopoa mwanzoni huenda kisiwe salama baada ya miaka mingi.

Hapo nikamhadithia habari ya waya. Zamani, chombo cha kinu kilipochomelewa, katika vinu kadhaa vya zamani vya Marekani walitumia waya wa kuchomelea uliopakwa shaba ili usishike kutu. Shaba ikaingia kwenye welding. Kiasi kidogo, chini ya nusu ya asilimia moja, hakuna aliyejali. Lakini nyutroni zikivuruga atomu zinazipa zile za shaba nafasi ya kutembea na kutafutana, zinajikusanya mafungu ya nanomita mbili au tatu, na mafungu hayo yanakifanya chuma kikakamae na kuwa rahisi kuvunjika. Hadubini ya elektroni huyaona kwa taabu. Kuna chombo kingine kinachokichonga chuma kuwa sindano na kung'oa atomu kwenye ncha moja moja, kikiandika kila moja ni ya nini na ilitoka wapi, na hapo shaba inaonekana imekaa vikundi vikundi. Ukishayajua hayo unaagiza waya usio na shaba, na vinu vilivyofuata vilifanya hivyo.

Fundi alinyamaza, akaokota roli yake ya waya, akaugeuza, mwanga wa jua ukacheza juu yake. Wekundu wa shaba, wazi kabisa.

"Kwa hiyo kosa lilikuwa la fundi?"

"La. Hawakujua."

"Fundi atalaumiwa tu," akasema, akarudisha barakoa usoni.

Kwetu hasa ni Siaya, na tangu kaunti hiyo ianze kutajwa kama mahali panapoweza kujengwa kinu cha kwanza cha nchi, baada ya wenyeji wa Uyombo kule Kilifi kukataa kwa nguvu, sina amani kwenye matanga. Mwezi wa nane tulimzika shangazi, na kabla wali haujaiva baba mdogo alishaniita kwenye kiti cha plastiki mbele ya wazee. "Wewe si unafanya kazi ya nyuklia? Tuambie. Italipuka?"

Nilimwambia, Baba, mimi nahesabu nukta. Hakuridhika, na sikumlaumu. Basi nikamweleza ninachokijua: kwamba katika vinu vingi vipande vya chuma kilekile cha chombo huning'inizwa ndani, karibu na ukuta, na kila baada ya miaka fulani vichache hutolewa, vinavunjwa kwa nyundo ya Charpy, ili ijulikane chombo kinazeeka namna gani kabla hakijasema chenyewe. Kwamba kama kinu kitakuja, mimi ningeuliza vipande hivyo vitavunjiwa wapi, nani atasoma nyundo, na kama kuna mtu wa pili asiyemfahamu wa kwanza atakayesoma tena. Mzee mmoja akauliza kama huyo wa pili anaweza kutoka kwetu. Nikasema anaweza, akisomeshwa. Mama yeye alikuwa na swali moja, kuhusu maji ya ziwa na ngege, na hilo halimo kwenye picha zangu. Nilimwambia hivyo, akaguna, akaenda kupakua.

Jana usiku nilikuwa kwenye picha ya mwisho ya fungu hili. Fundi alikuja kuchaji simu, akaketi kitandani akinitazama. Nilikuwa nimefika 118. Akanyosha kidole chenye kovu la moto, akakigusisha kwenye kioo juu ya nukta niliyokuwa nimeitia duara dakika tano nyuma, nyeusi, mviringo safi, mojawapo ya nzuri kabisa za usiku huo.

"Na hii? Mbona haitembei na wenzake?"

Nikaisogeza picha kushoto. Duara langu likaenda kushoto. Nukta ikabaki palepale.

Niliikwangua kwa kucha. Lilikuwa gamba la samaki. Mama alitumia laptopu hiyo mchana kumpigia dada yangu simu ya video, ametoka tu sokoni. Nikafuta duara, nikaandika 117.